Paka wangu kapanda darini tangu turudi msibani, hashuki. Kapatwa na nini wakuu?

#1 NsalagaMmoja
Habari za jioni wakuu, niende moja kwa moja. Nina paka dume, ana miaka mitatu, anaitwa Usipa maana alikuja ndani ya kapu la usipa wa Kyela. Mama mmoja muuzaji alishusha kapu pale Uyole, hapa Mbeya, akakuta katoto ka paka kamelala juu ya samaki kameshiba hakajiwezi, akanipa bure. Kakulia miguuni kwetu. Analala na binti yangu wa darasa la pili, asubuhi anamsindikiza mpaka getini, na jioni nikiwasha jiko la mkaa anakaa pembeni anaota moto kama mzee, si mnajua baridi ya huku.

Alhamisi ya wiki iliyopita tulipata msiba Tukuyu tukaondoka familia nzima. Paka tulimwachia kijana wa jirani, tukampa na ufunguo, awe anamwekea chakula na maji. Tumerudi Jumatatu paka hayupo. Tumeita weee mpaka majirani wakatoka. Usiku nikasikia kitu kinatembea juu, nikaweka ngazi pale koridoni nikafungua kile kimlango cha dari nikamulika na simu. Yuko kule kwenye kona kabisa chini ya bati, kajikunja, naona macho mawili tu na masharubu yamejaa utando wa buibui. Nikamwita kwa jina akanitolea "khaaa" kama hanijui. Wakuu iliniuma, sijawahi kumpiga yule paka hata siku moja.

Leo siku ya sita. Anashuka usiku wa manane, anakula kidogo, anarudi. Ukidondosha hata kijiko unasikia kru kru kru juu kashakimbia. Mtoto analia kila akienda kulala. Kijana wa jirani anasema hakuna kilichotokea. Nataka kujua nini kilimpata, na namna ya kumrudisha awe kama zamani.

#2 KijanaSokomatola
Pole mkuu. Huyo ana homa, baridi imempiga. Ponda robo ya panadol changanya na maziwa ya moto, kesho yuko miguuni. Nyumbani tulikuwa tunampa mbwa.

#3 Mifugo Kwanza
Mleta uzi USIMPE panadol. Narudia usimpe hata robo. Nimekuwa afisa mifugo Njombe mpaka nimestaafu na nimeona paka wamekufa kwa huruma ya namna hiyo hiyo. Ini la paka haliwezi kuichakata ile dawa, damu inabadilika inakuwa ya kahawia na inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi, uso na miguu inavimba. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Na maziwa nayo achana nayo, paka wengi wakishakua tumbo linayakataa wanaharisha.

Sasa nijibu mambo matatu. Chakula anakula kiasi gani? Mkojo anakojoa wapi na unatoka vizuri? Anachechemea au ana kidonda? Woga na ugonjwa vinafanana sana kwa paka, akiumwa naye anajificha.

#4 KijanaSokomatola
Daah, samahani wakuu. Sikujua kabisa. Naiacha ile komenti ili mwingine asome na jibu lake.

#5 NsalagaMmoja
Asante sana daktari, na dogo usijali, umeniokoa na mengine maana panadol ilikuwepo kabatini. Anakula kama nusu ya kawaida yake. Mkojo nimekuta umelowesha mchanga kwenye beseni tulilomwekea, na asubuhi nimekuta mwingine nyuma ya mlango wa jikoni, una harufu kali sijawahi kuisikia humu ndani. Kuchechemea sijui, namwona macho tu.

#6 Mzee wa Mbalizi
Kijana wangu, pole na msiba. Mimi nitasema wanachoogopa wengine kusema. Nyumba imekaa tupu siku nne, na nyie mmetoka kuzika. Paka anaona vitu ambavyo mimi na wewe hatuvioni, wazee wetu walijua hilo. Nilipokuwa mdogo nyumba ikipata msiba paka wetu alikuwa halali ndani wiki nzima. Fanyeni ibada hapo ndani, sebuleni mpaka vyumbani, mshukuru Mungu mmerudi salama, kisha nyumba itatulia na kiumbe nacho kitatulia. Nasema kwa nia njema kabisa.

#7 Binti Pareto
Shikamoo mzee. Sala ni njema wala sipingi, ila kabla ya huko tuulize: nyumba ilipigwa dawa? Nauliza kwa sababu yalinikuta. Huku Mufindi tunalima pareto, tunajua ile ni sumu ya wadudu, na dawa nyingi za dukani za kuogeshea ng'ombe na za viroboto vya mbwa ni ndugu zake zilizotengenezwa kiwandani. Ng'ombe anavumilia, mbwa anavumilia, paka mwili wake hauwezi kuitoa haraka. Mume wangu alimnyunyizia paka wetu iliyobaki kwenye bomba la ng'ombe, nia yake viroboto viishe. Jioni ile paka alianza kutetemeka masikio, halafu ngozi ya mgongoni inacheza yenyewe, halafu akakimbilia uvunguni kila sauti inamshtua. Tulimuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo tukamfunga kwenye khanga tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo Mafinga. Alipona ila siku tatu zile sizisahau. Kwa hiyo muulize vizuri yule kijana, asijekuwa alipuliza kitu.

#8 MnyaluHalisi
Kamwene. Mimi naishi Kihesa na nitakwambia bila kukuzungusha: kuna dume lingine. Huo mkojo wa harufu kali nyuma ya mlango wa jikoni siyo wa Usipa, au kama ni wake basi anajibu barua ya mwenzie. Mlivyoondoka nyumba haina watu, mtaa mzima wa mapaka umejua.

Mimi paka wangu alikuwa anakaa dirishani, siku moja likaja dume la nje likasimama upande wa pili wa kioo, wakaangaliana, paka wangu akavimba mkia kama brashi. Mke wangu akapita pale akamshika kumtuliza, akararuliwa mkono kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Kashindwa kumfikia adui hasira zikamwangukia aliye karibu. Toka siku ile paka akamwogopa mke wangu na mke wangu akamwogopa paka, nyumba ndogo ile, ilichukua mwezi na nusu kupatana.

#9 Mifugo Kwanza
Mnyalu umenena. Ila niongeze hapo, mtu akiraruliwa au kung'atwa na paka asiishie kufunga kitambaa. Aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali. Kichaa cha mbwa hakiambukizwi na mbwa tu. Mleta uzi huyo Usipa amechanjwa?

#10 NsalagaMmoja
Amechanjwa mwaka jana kwenye ile kampeni ya kata, nina kadi yake. Na Mnyalu kweli kuna dume moja kubwa jeusi lenye kifua cheupe, halina mwenyewe, tangu tumerudi nimeliona mara mbili juu ya ukuta. Sikuliunganisha na hili jambo.

#11 Bibie Tukuyu
Poleni na msiba, na karibuni tena Rungwe kwa heri siyo kwa kilio. Wikiendi hiyo hiyo mnayosema mlikuwa huku, si mnakumbuka ile mvua ya Ijumaa usiku? Radi zilipiga mpaka sisi watu wa Tukuyu tuliozoea mvua tukazima kila kitu. Dada yangu yuko Uyole anasema kwao ilikuwa mvua ya mawe, hamsikilizani ndani. Paka peke yake, giza, bati linapigwa vile... hata mimi ningejificha. Sababu ni hiyo wala msitafute mbali.

#12 fundi_dari
Bibie nakupinga kidogo kwa heshima. Kama mawe yangemtisha asingekimbilia chini ya bati lenyewe, pale ndipo kelele ilipo. Angeingia uvunguni. Paka anayepanda darini anakimbia kitu kilichoko CHINI.

Halafu mleta uzi mimi kazi yangu ni hizo dari, nakuomba usipande humo kumfuata. Silingibodi haibebi mtu, kanyaga kwenye mbao tu, na waya za umeme humo zimepita ovyo, nyingine zimeungwa kwa nailoni. Nilishaitwa nyumba moja baba mwenye nyumba kashuka sebuleni na mguu mmoja, mwingine umebaki juu, anamfuata paka. Alivunjika nyonga. Na kile kimlango usikifunge. Ukikifunga ukidhani utamzuia kupanda unaweza kumfungia humo humo.

#13 Kinyonga255
Mnasahau tetemeko. Mbeya iko kwenye bonde la ufa, wanyama wanajua kabla. Lile kubwa la 2016 hapa Mbeya mapaka yalihama siku mbili kabla.

#14 Mwalimu Jiografia
Mkuu Kinyonga lile la 2016 halikuwa Mbeya, lilikuwa Kagera, tarehe 10 Septemba, ukubwa 5.9, Bukoba ndiyo iliyoumia. Hapo kwenye bonde la ufa uko sahihi, matawi ya ufa yanakutana huku kwetu kwenye eneo la mlima Rungwe, ndiyo maana tuna Ziwa Ngozi na maji moto na matetemeko madogo madogo ya mara kwa mara. Mnyama anaweza kuhisi mtikisiko wa mwanzo ulio dhaifu sekunde chache kabla sisi hatujaushtukia, hilo linaeleweka. Lakini kuhama siku mbili kabla hakujathibitishwa.

#15 Kinyonga255
Nimekubali la Kagera mwalimu, nilichanganya. Ila kwamba paka wetu pale Isanga alitoka ndani na watoto wake mdomoni mmoja mmoja halafu usiku ule ule sahani zikacheza kabatini, hilo nililiona kwa macho yangu.

#16 Dada wa Makambako
Samahani nimechelewa uzi. Mleta uzi, kuna mtu kachomeka kile kidude cha kufukuzia panya kwenye soketi? Kile cheupe chenye taa ya bluu, tunaambiwa kinatoa sauti ambayo mtu haisikii. Mtu haisikii, paka je? Mimi nilinunua kimoja kwa ajili ya stoo ya mahindi, paka akahama stoo, panya wakabaki. Nilivyokichomoa alirudi baada ya wiki.

#17 KijanaSokomatola
Hahaha panya wakabaki. Ila dada paka si hasikii vizuri, anategemea macho? Mbwa ndiye mwenye masikio.

#18 Mwalimu Jiografia
Hapana dogo, paka anamzidi mbwa. Sisi binadamu tunaishia kama hezi elfu 20, na hapo uwe kijana. Mbwa anafika kama elfu 45, paka anapita elfu 60. Yeye chakula chake ni panya, na panya wanaongea kwa sauti nyembamba za juu huko, lazima awasikie. Sasa vile vidude vimetengenezwa kupiga juu ya elfu 20, maana yake kwa paka ni kelele kamili ndani ya nyumba yake, mchana na usiku. Dada wa Makambako kauliza swali zuri kuliko sisi wote.

#19 NsalagaMmoja
Wakuu nimetoka kuangalia, nywele zimenisimama. KIPO. Koridoni, nyuma ya pasi. Baba mwenye nyumba kasema alikileta Ijumaa mchana, alimkuta kijana amefungua akaona atusaidie maana nilimlalamikia panya mwezi uliopita. Nia yake njema tu. Nimekichomoa sasa hivi.

Na kijana nimekaa naye tena, nimemnunulia soda nikamwambia sikulaumu nataka ukweli. Anasema Jumamosi aliingia na wenzie wawili kuangalia mechi kwenye tv yetu, wakafungulia sabufa. Aliogopa kusema. Lakini anaapa kwamba Ijumaa jioni, kabla ya mpira, alikuta bakuli tupu na paka hayupo, na kuna chombo kimeanguka jikoni.

#20 MnyaluHalisi
Bakuli tupu Ijumaa jioni, chombo kimeanguka. Dume jeusi hilo. Limeingia kwa dirisha la jikoni limekula chakula chake limemfukuza mpaka darini. Nafunga mdomo sasa.

#21 Dada wa Makambako
Kidude kimechomekwa Ijumaa mchana, paka kapotea Ijumaa jioni, Mnyalu hesabu hiyo huioni?

#22 Bibie Tukuyu
Na radi Ijumaa usiku hamtaki kuihesabu. Mnaitoa kwa sababu mimi ni mwanamke wa Tukuyu, ngojeni tu. Na nyie mlivyomsakama yule kijana moyoni, muacheni. Kasema kweli mwenyewe, ni mtoto.

#23 NsalagaMmoja
Sijamsakama Bibie, na kesho atakuja kula kwetu. Kuna kitu sikukisema mwanzo sikudhani kina maana. Tulivyotoka Tukuyu tulirudi na mama mkwe wangu, akae kwetu miezi miwili mitatu baada ya mazishi. Analala chumba cha binti, kitanda kile kile anacholalaga paka. Na mke wangu kabla hajampokea alipiga deki nyumba nzima kwa jiki, akafua mablanketi yote, na lile zulia dogo.

#24 Binti Pareto
Yesu wangu. Sasa paka anarudi kwake hapajui. Mkuu paka nyumba anaijua kwa pua. Anavyojisugua mashavu kwenye kona za kabati na kwenye miguu yenu anaacha harufu yake, ndiyo inayomwambia hapa ni kwangu. Nyie mmeifuta yote kwa jiki, mmerudi na nguo zinanuka moshi wa msibani, na kitandani kuna mtu mwingine. Kuna kitu chochote hakijafuliwa? Sweta, kiroba, chochote alicholalia?

#25 NsalagaMmoja
Kuna sweta la shule la binti limechanika kiwiko, lilikuwa chini ya tenga la nguo, lina manyoya yake tele.

#26 Binti Pareto
USILIFUE. Hilo ndilo dawa. Chukua boksi la karatasi, lilaze ubavu, weka sweta ndani, liweke sehemu tulivu siyo njiani. Boksi litobolewe na nyuma awe na njia mbili za kutokea.

#27 Mzee wa Mbalizi
Nimeshikamoeka binti yangu, nashukuru. Ila mnamlea sana. Enzi zetu paka akigoma darini kijana anapanda na gunia anamshika shingo anamshusha, anafungiwa chumba kimoja na watu siku mbili, anazoea. Mimi nilifanya hivyo na alizoea.

#28 Mifugo Kwanza
Mzee wangu shikamoo, alizoea au alikata tamaa? Nauliza kwa heshima maana nimewaona wa aina zote mbili na kwa macho wanafanana: wametulia, hawatoki, wanakula. Anayezoea mkia unapanda ukiingia. Aliyekata tamaa anajibana chini, macho meusi yote mboni imetanuka.

Uholanzi, chuo cha Utrecht, 2014 walichukua paka 19 walioletwa kituoni, wengine wakapewa boksi la kujificha wengine hawakupewa. Wenye boksi walitulia mapema zaidi, siku chache tu tofauti ikaonekana. Yaani ukimpa pa kujificha anapona haraka, siyo kwamba anazoea kujificha. Hicho ndicho watu wengi tunakikosea, tunadhani maficho yanalea woga.

Kwa hiyo mleta uzi: chakula muda ule ule kila siku, sahani ianzie chini ya kile kimlango cha dari, kila siku isogee kidogo kuelekea boksi. Maji mbali na chakula. Jiki kwenye mkojo wake usitumie, tumia sabuni ya kawaida na maji mengi. Lile dume msilipige mawe mbele yake, zibeni tu dirisha la jikoni kwa wavu. Na mtoto afundishwe kukaa chini kimya, asimfuate. Akimwona amwangalie mara moja halafu afumbe macho polepole, afumbue polepole, ageuke pembeni. Uingereza chuo cha Sussex, akina Profesa Karen McComb, walilipima jambo hilo wakatoa matokeo 2020: paka aliyefumbiwa macho hivyo anajibu kwa kufumba yake, na anakubali kuusogelea hata mkono wa mgeni.

Ila akikosa kula kabisa siku mbili usiendelee na boksi wala na macho, daktari. Mafuta yanakimbilia kwenye ini. Na dume akichuchumaa akijikamua mkojo hautoki, hiyo ni siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

#29 Mzee wa Mbalizi
Marahaba daktari. Umeniuliza swali nimekaa nalo tangu asubuhi. Yule paka wangu mkia haukupanda tena, sasa ndiyo nakumbuka. Lakini la ibada silifuti.

#30 NsalagaMmoja
Ibada tumefanya mzee, jana jioni, mama mkwe ndiye aliongoza. Amina.

#31 fundi_dari
Wavu wa dirisha chukua ule wa kuku, wa mbu anauchana. Upigilie na mbao nyembamba pande zote. Uko Nsalaga ipi, nikipita nikuwekee, nauli tu.

#32 KijanaSokomatola
Huyu daktari angekuwa babu yangu ningejua vitu. Mleta uzi tupe mrejesho usitukimbie kama wenzio.

#33 NsalagaMmoja
Mrejesho, siku ya kumi na moja. Samahani ni mrefu.

Kidude kimechomolewa siku nne hizi. Siku ya kwanza hakuna mabadiliko. Ya pili hakuna. Fundi alikuja kweli, kaweka wavu, kakataa hata nauli, Mungu ambariki. Usiku wa tatu alishuka saa nne, sisi tuko macho, akala pale chini ya kimlango akapanda. Nikamwambia mke wangu ni kidude. Mke wangu akasema ni wavu. Binti anasema ni sweta.

Jana usiku sasa. Nimekaa sebuleni taa imezimwa, jikoni inawaka, mama mkwe yuko kwenye kigoda anachambua maharage kwenye ungo kwa ajili ya leo. Yeye kwa kawaida hapendi paka ndani, kwao paka ni wa ghalani, nami hilo nililiogopa. Usipa kashuka. Nimeuona mguu wa mbele unatangulia kwenye ngazi, unajaribu, unarudi, unajaribu tena. Kafika chini kajibana ukutani tumbo linagusa sakafu. Kapita boksi, kanusa sweta, kaacha shavu lake pale sekunde moja. Halafu akaenda jikoni. Mama hakugeuka. Anachambua tu, harage zuri huku, bovu kule, zile mbovu zinalia tik kwenye sahani ya bati, na kila tik sikio la paka linageuka lakini miguu haikimbii. Akasogea mpaka kwenye pindo la kitenge chake, akakinusa muda mrefu sana, kile kitenge ndicho alichovaa Tukuyu siku zote za msiba. Mama kwa sauti ya chini, bila kumwangalia, akasema kwa Kinyakyusa "ndaga, ndaga", kama anavyomwambia mtu aliyefiwa. Akashika usipa mmoja kwenye bakuli akauweka sakafuni pembeni yake, akaendelea na maharage yake.

Akaula kichwa kwanza, kama zamani.

Halafu kule nje lile dume likalia juu ya ukuta, na huyu kwa nukta moja kaenda, ngazi, dari, kimya. Asubuhi binti kakuta sweta limehamishwa kutoka kwenye boksi, liko chini ya ngazi. Hakuna aliyeligusa.

#34 MnyaluHalisi
Dume likalia akakimbia. Sijasema kitu.

#35 Dada wa Makambako
Amekaa na mtu jikoni siku nne baada ya kuchomoa kidude, nami sijasema kitu.

#36 Bibie Tukuyu
Mmeona lakini aliyemshusha ni bibi wa Tukuyu? Mwambieni mama ndaga fijo, yaani asante sana, kutoka kwa Bibie. Yeye hakumtaka, hakumwita, hakumwangalia. Paka anamwendea asiyemhitaji. Kwetu wote tunajua hilo.

#37 Binti Pareto
Mimi nimelia hapo kwenye kitenge. Pengine hakuwa anamnusa bibi, alikuwa anainusa safari yenu yote, mlikuwa wapi siku nne zile. Mkuu mwambie mama akae pale pale kesho saa ile ile, na maharage yale yale.

#38 Mifugo Kwanza
Saa ile ile, ndiyo. Na lile dume jeusi, kama halina mwenyewe, zungumza na ofisi ya mifugo ya kata lichanjwe na lihasiwe, kulia usiku na kukojolea milango kutapungua sana, siyo siku hiyo hiyo lakini. Na Usipa mwenyewe mfikirie vivyo hivyo akishatulia, siyo sasa. Usimbebe kumpeleka popote mwezi huu kama hakuna ugonjwa.

#39 Kinyonga255
Wakuu mimi nipo Isanga, paka wangu leo tangu saa kumi anazunguka na mtoto mdomoni anatafuta pa kumweka. Mwalimu usinicheke. Nimelaza boksi ubavu kama Binti Pareto alivyosema, nimeweka shati langu. Kaingiza mmoja, karudi kumfuata wa pili. Bado wawili.

#40 NsalagaMmoja
Usimsogelee Kinyonga, zima tv. Huku saa nne kasorobo, mama kashaweka kigoda chake. Samaki wa usipa wamepanda bei ya kufa mtu Uyole, fungu limekuwa dogo, lakini bakuli limejaa.